Ukumbusho Usio na Ukuta

Watu wengi wanaposikia habari za mahali pa kale hufikiri mara moja juu ya kuta za mawe, minara na milango iliyochongwa. Mtu wa pwani anayo Gede na Ngome ya Yesu. Hata bara, jirani zetu wa Migori wanazo kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa mwaka 2018 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Je, Kisii na Nyamira kuna nini? Wanafunzi wengi hujibu upesi kwamba hakuna kitu. Ewe msomaji, jibu hilo lafaa lichunguzwe kabla ya kukubaliwa.

Wakisii, ambao kwa lugha yao hujiita Abagusii, walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Kambi zao za ng'ombe, ziitwazo ebisarate, ambamo vijana walilala wakilinda mifugo, zilivunjwa kwa amri ya serikali ya kikoloni kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na leo huoni hata nguzo moja iliyosalia. Mti huliwa na mchwa. Lakini watu wale walikuwa na ngome nyingine ambayo mchwa hawezi kuila, nayo ni vilima vyenyewe. Atakaye kuiona historia ya nchi hii hana budi kupanda.

Anza na Manga. Majabali yake yamesimama mpakani mwa Kisii na Nyamira kama ukuta mrefu uliokatwa upande mmoja. Nenda asubuhi, kwa kuwa mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, wala usiukaribie ukingo, maana jiwe lililolowa halimjui mgeni wala mwenyeji. Ukifika juu utaona mashamba ya chai na migomba yaliyopangwa mpaka bondeni, na mji wa Kisii upande wa chini. Na siku isiyo na ukungu utaona Ziwa Victoria liking'aa upande wa magharibi. Wenyeji watakuonyesha pia pango liitwalo Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee walilihesabu kuwa mahali patakatifu.

Wageni wengi hufika hapo, husema panapendeza, kisha hushuka. Wewe ngoja kidogo, ujiulize: aliyesimama hapa kabla yangu alikuwa akitazama nini?

Alikuwa akitazama njia. Mapokeo ya Abagusii husema kwamba wazee wao walitoka pande za Mlima Elgon, wakakaa katika nchi tambarare ya Kano, kisha wakapita Kabianga, ambako mazao yaliwakatalia na mifugo ikafa, hata mwisho wakajikusanya katika milima hii. Nchi za chini zilikuwa na wenyewe: Wajaluo upande wa ziwa, Wakipsigis upande wa mashariki, Wamasai upande wa kusini. Watu hao walifanya biashara na kuoana, na mara nyingine walinyang'anyana ng'ombe. Mwishoni mwa karne ya 19 Wakisii na Wakipsigis walipigana vita vikubwa katika bonde la mto Charachani, navyo vyakumbukwa mpaka leo kwa jina la Osaosao. Majirani wale leo ni wenzetu sokoni na shuleni. Lakini katika siku zile, aliyekuwa juu ya jabali aliwaona wajao kabla hawajamwona, naye alipata nafasi ya kupiga yowe na kuwaokoa watoto wake. Mandhari unayoyafurahia wewe yalikuwa kwake kazi ya ulinzi.

Sasa geuza macho uutazame mji wa Kisii. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliingia katika nchi hii likiwa na bunduki ya Maxim, inayopiga risasi mfululizo, na mikuki haikuweza kushindana nayo. Mwaka 1907 boma la serikali lilijengwa mahali palipoitwa Getembe, na Bwana G. A. S. Northcote akawekwa hapo kutawala. Wakisii walimwita Nyarigoti. Mwezi wa Januari 1908, Northcote alipokuwa safarini katika nchi ya Kitutu, ndiyo nchi ya Manga, mtu aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki. Wazee husimulia kwamba aliyemtia moyo ni Moraa, mwanamke mwaguzi aliyekuwa jamaa yake, ambaye aliwakemea vijana kwa kuiacha nchi yao itwaliwe huku wakitazama.

Northcote hakufa. Lakini jeshi lilitumwa tena. Nyumba zikachomwa moto, ng'ombe kwa maelfu wakatwaliwa, na waliouawa walizidi 100. Habari zilipofika London, hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa Waziri wa Makoloni, aliandika kulalamika kwamba watu wasio na kinga walikuwa wakiuawa kupita kiasi.

Tafadhali yafuate maisha ya watu hawa wawili mpaka mwisho. Northcote alipona, akapanda cheo, na kuanzia mwaka 1937 hata 1941 alikuwa Gavana wa Hong Kong, ambako chuo cha kufundishia walimu kilipewa jina lake. Otenyo alikamatwa, akauawa. Simulizi za kwao husema kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, nao Wakisii wamekuwa wakitaka kirudishwe. Mmoja jina lake liliandikwa juu ya mlango wa chuo. La mwenzake lilitunzwa midomoni mwa wazee.

Miaka sita baadaye vilima hivi vilishuhudia vita visivyokuwa vya wenyeji. Katika Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka koloni lao lililokuwa upande wa kusini, likaingia Kisii. Tarehe 12 ya mwezi ule askari wa King's African Rifles walivishika vilima vilivyo juu ya mji, wakawapiga waliokuwa chini. Walipigana mchana kutwa. Kapteni Thorne, mkuu wa kikosi cha Waingereza, aliuawa, na usiku ulipoingia pande zote mbili ziliondoka. Askari wengi wa pande hizo mbili walikuwa Waafrika, waliokufa kwa ajili ya bendera zisizo zao. Wakisii walipoona boma ni tupu, waliingia wakachukua vitu vilivyomo. Nao walilipizwa kwa kutozwa ng'ombe wengi. Hivyo vita vya wageni vililipiwa na zizi la mwenyeji.

Pengine utasema, kwa nini tuwakumbuke walioshindwa? Sikiliza wafanyavyo watu wa nchi nyingine. Huko Ufaransa kipo kilima kiitwacho Mont Auxois, juu ya kijiji cha Alise-Sainte-Reine. Wageni hukipanda ili kutazama mashamba na mabonde, kama tupandavyo Manga. Juu yake imesimama sanamu kubwa ya Vercingetorix, aliyewaongoza Wagali, wenyeji wa nchi ile katika zama za kale, dhidi ya majeshi ya Roma. Mwaka 52 kabla ya Kristo alizingirwa mahali pale na Julius Caesar, akajisalimisha, akafungwa miaka sita huko Roma, kisha akauawa. Alishindwa kabisa. Hata hivyo, mwaka 1865 Napoleon III aliamuru sanamu yake isimamishwe juu ya kilima kile kile alichoshindwa.

Usisifu upesi lakini. Husemwa kwamba uso wa sanamu ile wafanana sana na uso wa Napoleon III mwenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kila ukumbusho husema habari za mtu anayekumbukwa na za mtu aliyeujenga pia, na msomaji mwerevu husikiliza sauti zote mbili. Vivyo hivyo sisi: tukimfanya Otenyo malaika, tutakuwa tumechonga nyuso zetu wenyewe. Inatosha kusema kweli, kwamba alikuwa mtu, kwamba nchi yake ilitwaliwa, na kwamba alifanya alivyoweza akalipa kwa roho yake.

Basi utakapokwenda Manga, au Kiabonyoru huko Nyamira, chukua daftari. Waulize wazee majina ya vilima na mito unayoiona, na sababu ya kila jina. Andika katika ukurasa mmoja yale uliyoyaona kwa macho yako, katika wa pili yale uliyosimuliwa, na katika wa tatu yale uliyoyasoma kitabuni. Usiyachanganye, maana kila moja lina uzito wake. Pale yanapokubaliana, una jambo imara. Pale yanapopingana, una kazi ya kufanya, na kazi hiyo ndiyo historia. Wala usichore jina lako juu ya mwamba. Mahali pale pana majina yanayongoja kuandikwa kabla ya lako.

Huko Tabaka, katika Mugirango Kusini, wachongaji hutoa ardhini jiwe laini, jeupe na jekundu, na kazi za mikono yao zimefika Ulaya na Marekani. Jiwe la kuandikia hatukulikosa, na mikono tunayo. Kilichobaki ni watu watakaojua la kuandika, na wazee wanaoyajua hupungua kila mwaka. Nenda ukawaulize wangali wapo.