Muhogo mchungu: mbegu ilifika, mapishi yakabaki nyuma

Kila kiangazi kinapokuwa kirefu hapa Handeni na kule Korogwe, swali ni lile lile: "Bwana shamba, muhogo wangu mwaka huu ni mchungu, na mbegu ni ile ile. Nifanyeje?" Mara nyingi kabla sijajibu, kina mama waliokaa karibu wameshajibu. Mmoja anasema menya, pasua, anika juani, twanga. Mwingine, aliyeolewa huku kutoka Kanda ya Ziwa, anasema kwao huvundika kwanza mpaka uote ukungu, ndipo huanika. Wa tatu anasema loweka siku tatu, hakuna njia nyingine. Wanabishana mpaka chai inapoa. Ubishi huo una historia ndefu, na ndani ya historia hiyo kuna watoto waliopooza miguu.

Muhogo si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Amerika ya Kusini, ambako wenyeji wa misitu ya Amazon walikuwa na namna yao ya kula hata ule mchungu kabisa: waliuparuza, wakaukamua kwa kikapu kirefu cha kusuka, kisha wakaukaanga unga wake. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, na pwani yetu ya mashariki ukashika baadaye. Lakini walileta miti ya kupanda, hawakuleta wapishi. Kila jamii ya Afrika ikalazimika kujigundulia upya jinsi ya kuutoa uchungu. Wakongo waliuloweka mtoni, watu wa Ziwa wakauvundika kupata udaga, na sisi wa huku tukaanika makopa kwa ajili ya bada.

Nchi yetu ni ya mahindi na mtama, na mvua hutuangusha. Njaa kubwa ya 1898 hadi 1900 iliwamaliza watu wengi kaskazini mashariki. Baadaye serikali ya kikoloni ikasisitiza muhogo kuwa kinga ya njaa. Kule Amani, milimani Usambara, watafiti wa wakati wa Mwingereza walianza miaka ya 1930 kutafuta mbegu inayostahimili batobato na michirizi ya kahawia, hata wakauchanganya muhogo na mti wa jamii yake unaotoa mpira. Kazi ile ilisaidia hadi Nigeria. Sisi maafisa ugani tumerithi tabia moja toka zamani: tunaleta vipando, tunasema nafasi ya kupandia na magonjwa, halafu tunaondoka. Habari ya jikoni tunamwachia mama.

Mkulima naye ana sababu zake za kupenda mchungu. Nguruwe pori hausumbui sana, na mwizi akiung'oa hawezi kuutafuna njiani.

Sasa uchungu wenyewe. Ndani ya mzizi kuna sumu ya sianidi iliyofungwa, na pembeni yake kuna kimeng'enya kinachoweza kuifungua. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukiuparuza, ukiutwanga au ukiuloweka mpaka ulainike, vinakutana, na sumu inatoka kama hewa. Ukiupasua vipande vinene na kuuanika tu, unakauka kabla havijakutana vya kutosha, kwa hiyo sumu nyingi inabaki ndani ya kopa. Na mwaka wa ukame mmea huongeza sumu. Ndiyo maana mbegu ile ile imebadilika mdomoni mwako.

Ukame huleta mambo mawili kwa pamoja: muhogo wenye sumu zaidi, na njaa inayomfanya mtu asisubiri. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kongo ambao watu wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Wanaopata zaidi ni watoto na kina mama. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa huko Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ukafika kwetu, wilayani Tarime.

Kisa kinachonigusa zaidi, hasa kwa ninyi wafanyabiashara, ni cha Bandundu, Kongo. Miaka ya 1970 ilijengwa barabara ya lami kwenda Kinshasa. Malori yakaanza kununua muhogo kwa wingi. Kina mama waliokuwa wakiloweka siku tatu wakapunguza hadi moja ili wawahi soko, na vijiji vikapata konzo. Walijua kazi yao vizuri. Lori ndilo lililowaharakisha. Nikisimama Mkata nikaona magunia ya makopa yakingoja gari, nakumbuka Bandundu.

Basi katika ubishi wa wale kina mama, kwa muhogo mchungu mimi namuunga mkono wa tatu: menya, loweka siku tatu mpaka ulainike, kamua, anika. Wa Ziwa naye hakukosea; kuvundika hupunguza sumu kuliko kuanika peke yake, ila kwangua ukungu vizuri.

Na kama maji ni ya shida, au tayari una unga wa makopa? Mtafiti Howard Bradbury wa Australia alipata njia rahisi, na kina mama wa Mtwara wamefundishwa. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Hapo acha maji. Tandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1, juani saa 2 au kivulini saa 5. Songa bada siku hiyo hiyo, usiulaze. Kula na dagaa, kunde au maharage, maana mwili huhitaji protini kuiondoa sumu iliyobaki.

Ukinunua makopa kwa jirani au gulioni, kabla ya bei, muulize aliyeyaandaa: muhogo ulikuwa mchungu au mtamu, na ulilowekwa siku ngapi?