Mto Nairobi: Vijana wanausafisha, mbona bado unanuka?

Jina Nairobi limetoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Lakini ukisimama leo kwenye daraja pale Gikomba, kitu cha kwanza kukufikia ni harufu. Maji ni meusi na chupa za plastiki zinaelea juu yake.

Hata hivyo, kuna sehemu ambako kingo za mto zimebadilika, na waliozibadilisha ni vijana wa mtaa. Haya hapa ni mambo ya kujua kuhusu kazi yao, na kwa nini peke yao hawatoshi.

Mto unatoka wapi, unaenda wapi?

Unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, kaunti ya Kiambu. Unapita Kawangware, katikati ya jiji, Gikomba, Korogocho na Dandora, kisha unaingia Mto Athi. Maji hayo hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi, ambako mto huitwa Sabaki. Kwa hiyo uchafu wa Nairobi ni shida ya mkulima wa Machakos na Makueni pia.

Nani anausafisha?

Makundi ni mengi. Linalojulikana zaidi ni Komb Green Solutions la Korogocho, lililoanza mwaka 2017. Baadhi ya wanachama wake ni vijana walioacha uhalifu. Walizoa taka ukingoni, wakapanda miti na kutengeneza bustani. Watoto wa mtaa wakapata pa kucheza.

Kuzoa taka si kazi ngumu kama kuzuia zisirudi. Ukingo usio na mwenyewe hugeuka jaa tena haraka. Ukiwa na bustani na watu wa kuilinda, anayekuja na gunia la taka usiku anaonekana. Mizizi ya miti nayo hushika udongo usisombwe na mvua.

Bustani ya Michuki, karibu na Globe, ni mfano mzuri. Aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, alianza kusafisha eneo hilo mwaka 2008. Alipofariki mwaka 2012, bustani ikaachwa ikachakaa, hadi ilipokarabatiwa mwaka 2020.

Kwa nini bado unanuka?

Sababu kubwa ni maji taka. Sehemu nyingi za mitaa ya mabanda hazina mabomba ya maji taka, kwa hiyo uchafu wa vyoo huishia mtoni. Kwingine mabomba yapo lakini yamepasuka au kuziba. Kuna pia viwanda vinavyomwaga maji machafu.

Bakteria wanaoozesha uchafu huo hutumia oksijeni iliyo majini. Ikiisha, samaki hufa na maji huanza kunuka. Hapo reki na koleo hazisaidii. Kazi hiyo inahitaji mabomba, na mabomba ni jukumu la kaunti na serikali.

Na wanaoishi ukingoni?

Mvua za Aprili 2024 zilifurisha Mto Mathare, unaomwaga maji yake Mto Nairobi, na watu wakafa. Serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, kisha tingatinga zikabomoa nyumba. Familia nyingi zilibaki bila pa kwenda. Ndiyo maana wakazi wengine wakisikia "kusafisha mto" huingiwa na hofu ya kufukuzwa. Makundi ya mtaani yana faida hapa, kwa sababu wanaosafisha ni majirani wenyewe.

Wewe unaweza kufanya nini?

- Ukimlipa mwenye mkokoteni akubebee taka, muulize anaenda kuzimwaga wapi.
- Ukiona bomba la maji taka limepasuka, piga picha uripoti kwa kampuni ya maji au kaunti.
- Ukisikia kundi la mtaa wako linasafisha mto Jumamosi, vaa gambuti uende.