Kutoka Bori hadi Betri: Igalula na Ahadi ya Mvuke

Miezi minane baada ya kuacha sigara nilijikuta nimesimama mbele ya kabati la kioo katika duka moja jijini Dar es Salaam, nikichagua sigara ya kielektroniki. Haikuwa ya kwanza. Ile ya kwanza, nyembamba kama kalamu, ilikuwa imenivusha wiki ngumu za mwanzo, lakini betri yake ilikwisha kabla ya adhuhuri na koili yake ilikuwa imeanza kutoa ladha ya kitu kilichoungua. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akanipangia vifaa vitatu juu ya meza. Kimoja kilikuwa na tangi la kujaza mwenyewe na nguvu ya kupandisha na kushusha. Cha pili kilikuwa na betri kubwa na moshi mwingi, ingawa yeye alisisitiza kuwa si moshi, ni mvuke. Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote na ghali kuliko vyote. Akanishauri hicho cha tatu. “Mzee, hiki ni laini. Ukivuta, kooni husikii kitu kabisa.”

Sikununua siku ile. Nilikuwa na safari ya Igalula, kumjulia hali mjomba wangu, na nilijiambia kwamba uamuzi huo ungeweza kusubiri. Nashukuru ulisubiri, maana jibu nililolihitaji halikuwa dukani.

Ulikuwa mwezi Machi, msimu wa kukausha tumbaku. Usiku wa kwanza nilimkuta mjomba kwenye bani, anasukuma gogo la mti wa porini ndani ya tanuri. Nilipotoa kifaa changu mfukoni na kukivuta, alikitazama kwa muda mrefu.

“Mpwa wangu, hicho nacho ni kiko?”

“Hapana, mjomba. Hiki hakina moshi. Ni mvuke tu.”

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaonyesha bani kwa mkono. “Basi tunafanya kazi moja. Na hii yangu ni ya mvuke.”

Kwa msomaji asiyetoka katika mikoa ya tumbaku, utani huo unahitaji maelezo. Katika biashara ya zao hili nchini kwetu, tumbaku hutambulishwa kwa namna inavyokaushwa. Ipo tumbaku ya moshi, ambayo Songea na Namtumbo zimeijua tangu enzi za Waingereza: majani hutundikwa juu ya moto na moshi wenyewe huyapitia. Na ipo tumbaku ya mvuke, ambayo ndiyo ya Tabora: moto huwaka nje ya chumba, joto husafiri katika mabomba, na majani hukauka bila kuguswa na moshi. Mjomba amekuwa akiishi kati ya maneno hayo mawili, moshi na mvuke, maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimeyagundua juzi, dukani, nikadhani ni habari mpya.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba historia ya tumbaku ni historia ya vyombo vinavyoahidi kuisafisha. Kila kizazi kimepewa chombo bora kuliko cha kizazi kilichotangulia, na ubora huo mara nyingi umekuwa na maana moja: ulaini. Anayetaka kuchagua kifaa leo, na serikali inayotaka kukidhibiti, hawana budi kuifahamu historia hiyo.

Tuanze na kiko, kwa kuwa mjomba alianza nacho. Tumbaku si mmea wa asili wa bara letu; ilivuka bahari kutoka Amerika baada ya safari za Wareno na Wahispania, ikaota mizizi Afrika Mashariki kiasi kwamba wageni wa karne ya 19 waliikuta kila mahali. Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walipitia Tura, Rubuga na Kigwa. Tura na Kigwa hadi leo ni kata za Wilaya ya Uyui, jirani na Igalula. Njia hiyo ilikuwa ya wapagazi wa Kinyamwezi kabla ya kuwa ya mgeni yeyote: wao ndio waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Reli ya Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912, haikufungua nchi iliyofungwa. Ilizifuata nyayo zao.

Kiswahili kilikihifadhi kiko cha maji kwa heshima ya fundi anayekijua chombo chake. Bori ni kichwa cha udongo kinachobeba tumbaku na moto. Digali ni mrija unaoshusha moshi majini. Chombo chenyewe cha maji, kifuu cha nazi huko pwani au kibuyu huku bara, ndicho kiko. Shilamu ni mrija wa mdomoni. Na malio ni ile sauti ya maji yanapotokota kwa pumzi ya mvutaji. Lugha haitoi majina matano kwa kitu cha mapito. Mvutaji wa kiko aliamini kwamba maji huuosha moshi. Maji huupoza, naam, na kuufanya laini, hayauoshi. Shisha, ambayo serikali yetu iliipiga marufuku mwaka 2016, iliwarudia vijana wa mjini ikiwa na imani ile ile, safari hii imetiwa harufu ya matunda.

Hatua ya pili haikutokea kwetu, lakini ndiyo iliyoleta bani la mjomba. Mwaka 1839, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kijana mtumwa aliyeitwa Stephen, mali ya mkulima Abisha Slade, alitumia joto kali la makaa kukausha majani, yakatoka ya manjano na matamu. Hadithi hiyo husimuliwa kama bahati njema ya bwana wake. Kutokana nayo ulikua ukaushaji kwa joto la mabomba, na matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko rangi. Jani lililokaushwa hivyo hubaki na sukari, na moshi wake huwa na uasidi kidogo. Moshi wa biri na wa kiko cha kale ulikuwa mkali. Watu waliushika mdomoni. Huu mpya uliteremka mapafuni bila kuleta kikohozi. Mwaka 1881 James Bonsack alipopata hataza ya mashine ya kusokota sigara, jani laini lilikutana na wingi usio na kikomo. Hivyo ndivyo sigara ilivyoiteka dunia: kwa kuacha kuuma koo.

Tabora iliingia katika mnyororo huo kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi wake mkubwa wa karanga huko Kongwa, Nachingwea na Urambo. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na mashamba yaliyofyekwa yakahitaji zao jingine. Huko Urambo lilipatikana: tumbaku ya mvuke, chini ya Shirika la Kilimo la Tanganyika, kwanza kwa wakulima wapangaji na baadaye kwa vijiji vizima. Baada ya uhuru zao hili likaongozwa na vyama vya ushirika, likachukuliwa na mamlaka ya serikali, likarudishwa kwa ushirika, na tangu sheria ya mwaka 2001 likasimamiwa na Bodi ya Tumbaku. Majina yamebadilika, tanuri halijabadilika. Bani bado hula kuni za miombo, na familia hukesha kwa zamu kwa takribani wiki moja kwa kila mzigo, joto likipandishwa polepole hadi nyuzi 70 na kitu. Jani ndilo linaloepushwa na moshi. Anayechochea tanuri, hapana.

Wakati Urambo ikipanda miche yake ya kwanza, London ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Viwanda havikujibu kwa kufunga milango. Vilijibu kwa chombo kipya, sigara yenye kichujio. Mwaka 1952 sigara ya Kent ilitangazwa Marekani kwa sifa ya kichujio chake cha kisayansi. Ndani ya kichujio hicho, hadi mwaka 1956, mlikuwa na asbesto. Baadaye zikaja sigara zilizoitwa nyepesi, na wavutaji wakajikuta wakivuta kwa nguvu zaidi na kwa kina zaidi ili kupata kiasi kile kile cha nikotini. Mimi mwenyewe nilivuta sigara nyepesi kwa miaka saba, nikijiona mtu mwenye busara.

Kisha ikaja betri. Mwaka 2003 mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mvutaji aliyempoteza baba yake kwa saratani ya mapafu, alibuni sigara ya kielektroniki kama tuijuavyo leo: kimiminika chenye nikotini hupashwa moto kikawa mvuke, bila jani kuungua. Ni lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu makala nyingi za kulaani vifaa hivi huuficha. Kisichoungua hakitoi lami wala hewa ya kaboni monoksidi, na ushahidi uliopo unaonyesha kwamba mvutaji aliyehama kabisa kutoka sigara hupunguza madhara kwa kiasi kikubwa, na kwamba vifaa vyenye nikotini vimewasaidia wengi kuacha. Mimi ni mmoja wao. Lakini kupunguza madhara si kuyaondoa, na kijana ambaye hakuwahi kuvuta hana madhara ya kupunguza. Ana uraibu wa kuanza.

Sasa turudi kwenye kile kifaa cha tatu, kile kidogo na ghali. Siri ya ulaini wake ni chumvi za nikotini, njia iliyopata umaarufu mwaka 2015 kwa kifaa cha Juul huko Marekani. Nikotini huchanganywa na asidi ili isiume koo, na kwa hiyo mtu anaweza kuvuta kiasi kikubwa bila kujua. Nilipokumbuka bani la mjomba nilishtuka. Hii ni kanuni ile ile ya mwaka 1839! Kilichofanywa kwa joto la makaa sasa kinafanywa katika maabara, na lengo ni lile lile: kushusha kizuizi ambacho koo la binadamu limekiweka. Hata wenye mali ni wale wale. Japan Tobacco, ambayo tangu mwaka 1999 ndiyo mwenye hisa kubwa katika kiwanda chetu cha sigara cha Dar es Salaam, inauza duniani sigara, vifaa vya kupasha tumbaku na vya mvuke pia. Na sehemu kubwa ya nikotini iliyomo katika chupa hizo hutolewa katika jani.

Kwa nini nayaandika haya katika ukurasa ambao kwa kawaida tunajadili siasa? Kwa sababu uchaguzi ule wa dukani hauwezi kuachwa kuwa wa mnunuzi na muuzaji peke yao. Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilipitishwa mwaka 2003, mwaka ule ule wa uvumbuzi wa Hon Lik. Iliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria jani na moshi. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2015, ilivikataza vifaa hivi kabisa. Mimi siungi mkono kukataza chombo hatari kidogo huku sigara ikiuzwa moja moja kwenye kila kibanda. Ninachotaka ni kikomo cha nikotini, kama Umoja wa Ulaya ulivyoweka miligramu 20 kwa kila mililita. Ni kuzuia mauzo kwa watoto. Na ni dawa za kuachia sigara, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu kuanzia mwaka 2009, zipatikane katika zahanati ya Igalula na si katika maduka ya dawa ya mjini tu. Tena, tuliridhia Mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku mwaka 2007, na mkataba huo unazungumzia njia mbadala za kipato kwa wakulima. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua ni kurasa zipi katika mkataba huo hazifunguliwi.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda kwenye duka lile lile. Nilichukua kile cha kwanza, chenye tangi la kujaza mwenyewe, ambacho kijana alikiita cha kizamani. Kinauma koo kidogo, na hilo ndilo nililolitaka: nisikie ninachokivuta. Nimeanza na miligramu 12, nimeshuka hadi 6, na tarehe ya kufika sifuri nimeiandika kwenye kalenda ya ofisini ambako wanafunzi wangu wanaiona. Wapagazi waliolala Kigwa walijua kwamba Kigwa ni kambi. Alfajiri walifunga mizigo wakaondoka.

Mjomba hana kalenda ya namna hiyo. Mbolea ya msimu huu aliichukua kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na deni litakatwa kwenye mauzo, kabla hajajua jani lake litapewa daraja gani. Usiku ule wa mwisho nilimuuliza kama naye hajafikiria kuacha. Alifungua mlango wa tanuri, akaongeza gogo, akaniambia: “Wewe unaacha kuvuta, mpwa wangu. Mimi nitaacha nini, wakati hata sivuti?”