Gereji Zilizozaa Magari ya Spoti ya Italia

Alfieri Maserati alifungua karakana yake mjini Bologna mwaka 1914. Kazi iliyomwingizia riziki haikuwa kuunda magari, bali kuyaandaa na kuyatengeneza magari ya wengine, hasa ya Isotta Fraschini, kampuni aliyowahi kuitumikia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alijiingiza katika utengenezaji wa plagi. Gari la kwanza lililobeba jina la Maserati, Tipo 26, lilitoka mwaka 1926.

Enzo Ferrari alipita njia iyo hiyo. Scuderia Ferrari, aliyoianzisha Modena mwaka 1929, ilikuwa timu na karakana ya kuyahudumia na kuyaendesha magari ya Alfa Romeo mashindanoni. Gari lenye jina lake mwenyewe, 125 S, halikuonekana hadi 1947. Ferruccio Lamborghini naye alikuwa fundi wa magari ya jeshi la anga la Italia katika kisiwa cha Rhodes wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliporudi nyumbani alinunua mabaki ya magari ya vita, akayageuza matrekta, na matrekta yakampa utajiri wa kununua Ferrari. Mwenyewe alisimulia kwamba klachi ya Ferrari ilipomsumbua mara kwa mara, aliifungua katika karakana yake, akaona kwamba haina tofauti kubwa na ya trekta. Mwaka 1963 akaanzisha kiwanda chake cha magari huko Sant'Agata Bolognese.

Nayataja haya mwanzoni kwa sababu vitabu vingi vya historia ya magari haya humweka msanifu mbele, dereva wa mbio wa pili, na fundi wa matengenezo mwisho kabisa, kama mtu aliyekuja kufagia baada ya karamu. Ukweli ni kwamba gereji ilitangulia kiwanda, na alama za gereji zimebaki ndani ya magari yenyewe.

Mtazame Sergio Scaglietti. Alianza kazi akiwa bado mtoto, katika karakana ya Modena iliyokuwa jirani na Scuderia, akinyoosha madigadi ya magari ya mbio yaliyogongwa. Ni katika kunyoosha huko alikojua bati linakubali nini na linakataa nini. Baadaye alipopewa kazi ya kuvisha bodi magari ya Ferrari, aligonga aluminiamu juu ya mifuko ya mchanga, akiongozwa na jicho kuliko mchoro. Ndiyo maana magari mawili ya aina moja ya miaka ya 1950 hupishana kwa milimita kadhaa huku na kule, na mlango wa hili hauingii vizuri kwenye lile. Fundi wa leo anayetafuta boneti ya gari kama hilo hana spea ya kuagiza. Itabidi igongwe upya kwa kufuata gari lenyewe.

Kutu nayo ina historia yake. Kampuni ya Touring ya Milano ilibuni mtindo wa Superleggera katika miaka ya 1930: mabomba membamba ya chuma yanayounda kiunzi, kisha ngozi ya aluminiamu inayokunjwa juu yake. Bodi ilikuwa nyepesi na nzuri sana. Lakini chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu hulana, na aluminiamu ndiyo inayoliwa kwanza. Gari laweza kung'aa kwa rangi mpya huku kingo za milango zikigeuka unga mweupe kwa ndani. Fundi bodi mzoefu hupitisha vidole chini ya kingo kabla hajaitazama rangi.

Kwenye injini, mfano ninaoupenda ni ile ya Alfa Romeo yenye kamshafti mbili juu, iliyoanza na Giulietta mwaka 1954 na kuendelea kwa ukubwa mbalimbali kwa zaidi ya miongo mitatu. Bloku yake ni ya aluminiamu, na ndani yake zimepachikwa silevu za chuma zinazoguswa moja kwa moja na maji ya kupozea. Mipira inayoziba sehemu ya chini ya silevu ikichoka, maji huingia kwenye oili.

Kuweka sawa nafasi za valvu za injini hiyo ni kazi ya asubuhi nzima, tena injini iwe imepoa kabisa. Fundi hupitisha fila geji kati ya kamshafti na kikombe cha valvu: karibu nusu milimita, upande wa ekzosi pakihitaji nafasi kubwa kidogo kuliko upande wa kuingizia. Hakuna skrubu ya kukaza wala kulegeza. Nafasi ikikosewa, vipimo vyote vinane huandikwa kwenye karatasi, kamshafti hufunguliwa, kikombe huchomolewa, na chini yake hutolewa kipande cha chuma kidogo kama kifungo cha shati. Kipande hicho hupimwa kwa maikromita, hesabu hufanywa, kinatafutwa kingine kinene au chembamba zaidi, kamshafti hurudishwa, na vipimo huanza upya. Waliobuni mfumo huu walijua kwamba kazi hiyo ikifanywa sawasawa mara moja, vipimo havitahama kwa muda mrefu. Walimwamini fundi, na imani hiyo imo ndani ya chuma.

Imani ya namna hiyo imo pia kwenye kabureta za Weber. Edoardo Weber alifanyia kazi yake Bologna, na kabureta zake zilifungwa kwenye karibu kila gari la Italia lenye heshima. Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 ilibeba sita, kila moja na midomo miwili: silinda kumi na mbili, kila moja na mdomo wake. Midomo yote lazima ivute hewa kwa kiasi kimoja, la sivyo injini inamisi kwenye mwendo mdogo na kukohoa inapokanyagiwa mafuta. Siku hizi kuna vipimo vya kusoma hewa hiyo, lakini mafundi wa zamani walitia ncha moja ya mpira mwembamba sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, wakasikiliza mlio mmoja baada ya mwingine huku wakizungusha skrubu kidogo kidogo. Kwenye Lamborghini Miura ya 1966, kabureta zimesimama wima juu ya injini ya moto, nyuma tu ya vichwa vya abiria. Hapo hosi iliyochakaa inayovuja petroli ni hatari ya moto, na baadhi ya Miura zimeungua kweli.

Miaka ya 1970 iliiletea Ferrari mikanda ya taiming ya mpira badala ya cheni. Ferrari 365 GT4 BB, iliyoanza kuuzwa 1973, ina injini ya silinda kumi na mbili zilizolala, nyuma ya dereva, na mikanda yake inatazama ukuta wa chumba cha abiria. Kuibadilisha ni lazima ushushe injini, na Testarossa ya 1984 ilirithi kazi hiyo. Mpira huzeeka hata gari likilala tu gereji, na mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni. Mwenye gari asiyeliendesha hajaokoa chochote.

Afrika Mashariki iliyaona magari haya yakitengenezwa chini ya jua. Lancia Stratos, yenye injini ya V6 iliyotoka kwenye Dino ya Ferrari, iliundwa ili sehemu yote ya mbele na yote ya nyuma ya bodi ifunguke, fundi afikie kila kitu bila kupoteza dakika. Katika Safari Rally ya 1975 Sandro Munari alishika nafasi ya pili na Björn Waldegård ya tatu, wote na Stratos, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Lancia ilisubiri hadi 1988 kuishinda Safari, kwa Delta Integrale ya Miki Biasion.

Kati ya enzi ya mbio na enzi ya minada kulikuwa na miaka ya kutupwa. Gari la mbio lililopitwa na wakati lilikuwa chuma chakavu chenye kelele. GTO moja ilitolewa zawadi kwa shule ya sekondari mjini Victoria, Texas. Baadaye iliuzwa, ikakaa miaka mingi juu ya trela kwenye uwanja wa nyasi huko Ohio, ikinyeshewa. Mwaka 2018 GTO nyingine iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 48, na mwaka uliofuata mahakama ya Bologna ikaamua kwamba umbo la GTO linalindwa kama kazi ya sanaa.

Fedha hizo zimeigeuza kazi ya fundi. Kiwanda cha Ferrari kilianzisha idara ya Classiche mwaka 2006, na Lamborghini ikafuata na Polo Storico mwaka 2015. Huko namba za chesisi, injini na gia boksi hulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda, na gari lililotimia hupewa cheti. Naiheshimu kazi hiyo, maana imeokoa michoro na ujuzi ambao ungepotea. Lakini cheti hutaka gari liwe kama siku lilipotoka kiwandani, na magari haya hayakuishi hivyo. Yalipata ajali, yakabadilishiwa injini kati ya mbio mbili, yakapigwa bodi mpya kwa sababu mwenyewe alichoka na ya zamani. Kiraka cha 1956 kilichochomelewa usiku kabla ya mashindano kinaondolewa leo kwa sababu hakimo kwenye kumbukumbu, na pamoja nacho inaondoka kazi ya mkono wa mtu.

Mwaka 2014, katika maonyesho ya Pebble Beach huko California, tuzo kuu ilikwenda kwa Ferrari 375 MM ya 1954 iliyokuwa ya mtengeneza filamu Roberto Rossellini. Ilizaliwa bila paa, na bodi ya Pinin Farina. Ilipoharibika, Rossellini aliipeleka Modena kwa Scaglietti, naye akaivalisha bodi mpya yenye paa. Bodi hiyo ndiyo waliyoipa tuzo majaji.