Nyumba niliikagua, shimo sikuliuliza

Ndugu msomaji, Waswahili hutuonya tusikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nilidhani gunia nimelifungua vizuri. Niliponunua nyumba hapa Babati, upande wa mji unaoteremka kuelekea ziwani, nilikagua bati, niligonga kuta, nilipanda darini kutafuta mchwa, na karatasi za kiwanja nilizisoma mara tatu mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Dalali akanisifu kwamba mimi ni mnunuzi makini. Jambo moja tu sikuliuliza: kuna nini chini ya ule mfuniko wa zege nyuma ya jiko?

Jibu lilikuja lenyewe masika ya kwanza. Maji ya choo yalianza kupanda badala ya kushuka. Uani palistawi majani mabichi kuliko yale ya bustani ya mke wangu, na harufu ikatutoa barazani. Fundi niliyemwita alifunua mfuniko, akachungulia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, hapa hakuna karo. Hapa kuna shimo tu."

Akanieleza. Karo la kweli ni tenki lililosakafiwa na kupigwa lipu lisivuje. Uchafu mzito huzama chini na kuoza polepole, mafuta huelea juu, na maji yaliyobaki katikati hutoka kwa bomba kwenda shimo la pili la kunyonya, ambako udongo huyachuja. Langu lilikuwa shimo moja la matofali matupu, halina sakafu, nalo tope lilikuwa limefika kwenye mdomo wa bomba. Ardhi nayo ilikuwa imeshiba mvua, haina pa kuyapeleka maji yangu.

Gharama iliniuma, kwani fedha niliyoiweka kwa ajili ya dari ilikuwa inaingia shimoni. Lakini kilichoninyima usingizi si gharama. Ng'ambo ya ua, hatua kumi na mbili kwa mteremko kutoka shimoni kwangu, mama jirani ana kisima. Maji yake ni meupe na ya baridi. Wapangaji wake huyatumia, na bomba likikauka hata sisi tumekwenda kuchota.

Usiku ule nilikumbuka habari niliyowahi kuiandalia kipindi. Mwishoni mwa Agosti 1854, katika mtaa wa Broad Street mjini London, kipindupindu kiliwashukia watu ghafla, na katika wiki chache walikufa zaidi ya 600. Daktari John Snow aliwafuatilia marehemu nyumba kwa nyumba, akaona wengi walikunywa maji ya pampu moja ya mtaani. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile uliondolewa. Baadaye kasisi Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubaliana na Snow, aligundua mwanzo wa balaa. Katika nyumba namba 40 mtoto mchanga alikuwa ameugua kuhara, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Mwaka 1855 walipochimba walikuta matofali ya shimo hilo yamelegea, na kisima cha pampu kiko umbali usiofika mita moja.

Tafadhali shika jambo hili: pampu ile ilisifiwa kwa maji mazuri. Kulikuwa na mjane aliyehama mtaa huo, akawa anapelekewa maji yake kwa gari kwa sababu aliyapenda. Naye alikufa. Weupe wa maji si cheti cha usalama.

Si habari ya Wazungu peke yao. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kupitia nchi ya Wamasai, kikafika pwani ya Pangani, kikavuka hadi Zanzibar na kuua maelfu. Daktari James Christie aliyekuwa akifanya kazi Unguja aliandika kitabu juu yake, kikachapwa mwaka 1876. Ni miji ya mawe, yenye visima na mashimo ya vyoo vilivyobanana, iliyoona msiba huo.

Karo lenyewe lilitokana na mahangaiko ya namna hiyo. Katika miaka ya 1860 Mfaransa aitwaye Jean-Louis Mouras alijenga tenki la mawe katika mji wa Vesoul, lipokee maji ya nyumba kabla hayajaenda shimoni. Lilipofunguliwa baada ya miaka kadhaa, uchafu mzito ulikuwa mdogo kuliko alivyotazamia. Mwaka 1881 akapata hataza ya uvumbuzi wake. Mwaka 1895 Donald Cameron akajenga tenki la namna hiyo kubwa zaidi katika mji wa Exeter, Uingereza, na utaratibu huo ukaenea duniani. Ulienea pamoja na uongo mmoja unaosemwa na mafundi wetu hadi leo, kwamba karo halijai. Linajaa. Vijidudu hupunguza tope, hawalimalizi. Ndiyo maana karo la nyumba ya kawaida hutakiwa kunyonywa kila baada ya miaka michache.

Sisi huku tulianza na shimo la kawaida, na mwalimu wetu mkubwa alikuwa redio. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, chini ya miti na madarasani, wakisikiliza vipindi vya redio na kusoma kijitabu, kisha wakaondoka na majembe kwenda kufanya walichokubaliana: kufyeka vichaka, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Marehemu baba yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo, na choo alichochimba ndicho nilichokikuta. Miaka minne baadaye, mwaka 1977, kipindupindu kiliingia nchini kwa kishindo, na umuhimu wa somo lile ukaonekana. Katika miaka ya 2010 ikaja kampeni nyingine, Nyumba ni Choo, kuhimiza kila kaya iwe na choo bora.

Naam, tuliambiwa tuchimbe, tukachimba. Somo la pili ndilo hatukulishika: shimo likijaa inakuwaje? Na nyumba ikibadili mwenyewe, nani anakabidhi habari za shimo?

Tazama mji wetu. Babati kilikuwa kituo kidogo kwenye barabara kuu ya Arusha na Dodoma. Mwaka 1985 ikawa wilaya, ikitengwa na Hanang. Mwaka 2002 ukazaliwa Mkoa wa Manyara na Babati ikawa makao makuu. Watumishi wakaja, wafanyabiashara wakaja, na kila mwenye ua akaongeza vyumba vya kupangisha. Vyumba viliongezeka, mashimo yakabaki yale yale. Na ziwa lipo pale pale. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika likaingia mjini. Wenye kumbukumbu hawajasahau.

Mmoja wao ni mama jirani. Asubuhi nilikwenda kwake na maneno yangu nimeyapanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniambia habari ya shimo?"

Nilitahayari. Alikuwa anajua. Akaniambia mwaka wa mafuriko alimwona kiboko asubuhi mahali ambapo leo kuna duka, na vyoo vya mtaa vilitapika vyote. Akaniambia shimo langu lilichimbwa mwaka wa El Niño, 1998, kwa ajili ya mume na mke wasio na mtoto. Baadaye wakaja wapangaji, watu tisa. "Harufu kisimani nimeisikia masika mawili haya," akasema. "Mimi siku hizi siyanywi, nanyweshea ng'ombe. Lakini hawa watoto wa wapangaji siwezi kuwachunga."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na dalali, hukuja kwangu."

Msomaji, jibu hilo nimelibeba hadi kwenye kipaza sauti. Historia yote ya nyumba yangu ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, nami nilikwenda kuitafuta kwenye karatasi. Tulimwita afisa afya wa kata. Kisima kimefungwa kwanza, na nyumba zote mbili tunachemsha maji ya kunywa. Shimo la zamani limenyonywa na kufukiwa. Karo jipya limejengwa upande wa barabarani, mbali na kisima kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Haifiki zile mita 30 zinazotajwa mara nyingi na wataalamu. Viwanja vyetu ni vidogo, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Basi ndugu yangu unayekusanya fedha ununue nyumba, mfuniko wa zege ufunuliwe kabla hujatoa hata shilingi. Uliza shimo lina miaka mingapi, lilichimbwa kwa watu wangapi, lina sakafu au halina, lilinyonywa lini. Tazama kisima kilicho karibu kiko wapi, chako na cha mwenzako. Kisha, kabla ya kumwamini dalali, mwamkie mzee wa jirani, ukae, umsikilize. Na wewe unayeuza, sema kweli. Bati likivuja analoa mwenye nyumba peke yake. Shimo likivuja anakunywa mtaa mzima.