USARF na elimu ya nje ya darasa Mlimani, 1967–1970

USARF ilikuwa jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika iliyoundwa mwaka 1967 katika chuo cha Mlimani, Dar es Salaam, wakati chuo hicho kilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda. Wanachama wake walitoka Tanzania, Uganda, Kenya na nchi nyingine za Afrika, zikiwemo zile ambazo zilikuwa bado chini ya utawala wa walowezi. Ilipigwa marufuku Novemba 1970. Haikutoa cheti wala alama, lakini katika miaka hiyo mitatu iliwafundisha wanachama wake mambo ambayo ratiba ya masomo haikuwa na nafasi nayo.

Chimbuko

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria mpya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria hiyo iliwataka wasomi wakae kambini, kisha wafanye kazi miezi 18 huku wakikatwa asilimia 60 ya mshahara. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha, lililoifanya Tanzania ifuate siasa ya ujamaa, na mwezi Machi chuo kikaitisha mkutano wa kujadili wajibu wake katika nchi inayojenga ujamaa.

Maandamano yale yaliacha aibu. Wakulima waliolipa kodi iliyowasomesha vijana hao waliona wasomi wakigombania mishahara ambayo walikuwa hawajaanza hata kuipokea. USARF ilizaliwa na kundi dogo lililotaka kuonyesha kwamba mwanafunzi anaweza kutoa nguvu zake bila kulazimishwa na sheria.

Darasa la Jumapili

Shughuli iliyodumu kuliko zote ilikuwa madarasa ya itikadi ya kila Jumapili, yaliyoendeshwa kwa pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Wanafunzi walisoma Fanon, Lenin na Nkrumah, wakabishana kwa saa nyingi, na kila mtu alitarajiwa kuja akiwa amesoma. Hakukuwa na mtihani, na pengine ndiyo sababu usomaji ulikuwa mkali: aliyekuja mikono mitupu aliumbuka mbele ya wenzake, jambo linalouma kuliko alama ndogo.

Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha Mlimani mwaka 1966 na 1967, kisha tena kuanzia 1969 hadi 1974, alikuwa mshiriki wa karibu. Mafunzo yale hayakutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi peke yake. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, How Europe Underdeveloped Africa, kilipochapishwa mwaka 1972, katika dibaji aliwashukuru wanafunzi wawili wa Mlimani, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma mswada na kuukosoa. Vijana waliozoea kubishana Jumapili walikuwa wamefikia kiwango cha kumsahihisha mwalimu wao.

Rag Day na maana ya kujitolea

Chuo kilirithi kutoka Uingereza desturi iliyoitwa Rag Day. Siku hiyo wanafunzi walivaa matambara, wakapanda malori na kuzunguka mjini kwa vifijo wakichangisha fedha za kuwasaidia maskini. Wengi waliiona ni tendo jema lenye burudani ndani yake. USARF iliona kinyume: katika nchi ambayo watu wengi walivaa matambara kwa kukosa nguo nyingine, kijana anayekula na kulala kwa fedha ya umma hana haki ya kuigeuza hali hiyo kuwa vazi la mchezo. Novemba 1968 wanachama waliizuia sherehe hiyo kwa nguvu, wakatoa upepo matairi ya malori, na ugomvi mkubwa ukazuka chuoni.

Njia waliyotumia inaweza kulaumiwa, kwa kuwa waliwanyima wenzao nafasi ya kuamua. Hoja yao hata hivyo ilikuwa sahihi, na bado ina uzito kwa kila kikundi cha wanafunzi kinachokwenda kituo cha watoto yatima na mabango na kamera. Aliyekusanya sarafu barabarani hakulazimika kumfahamu hata maskini mmoja, wala kujiuliza umaskini wake umetoka wapi. Baadhi ya wanafunzi wa mkondo huo walikwenda kuishi na kulima katika vijiji vya ujamaa wakati wa likizo. Jembe la mwanafunzi kwa wiki chache haliongezi mavuno ya kijiji kwa kiasi cha kutajwa, lakini anayelishika hulazimika kuuliza bei ya pamba, umbali wa maji na nani anafanya kazi gani nyumbani.

Safari ya Msumbiji

Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na ikaanza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964. Kwa wanafunzi wa Mlimani, wapigania uhuru walikuwa watu waliowakuta mjini. Mwishoni mwa 1968 Museveni na wenzake wachache walivuka kwenda maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji, wakaona jinsi raia walivyoishi na kujipanga chini ya Frelimo wakati vita vikiendelea.

Safari hiyo iliingia katika masomo. Museveni aliandika insha akiyapima mawazo ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu kwa yale aliyoyaona Msumbiji, na insha hiyo ilichapishwa mwaka 1971 katika kitabu kilichohaririwa na Nathan Shamuyarira. Wenye kuisoma leo watakuwa na maswali mengi, hasa wakikumbuka vita vya msituni vilivyomfikisha mwandishi wake Ikulu ya Uganda Januari 1986. Thamani yake kama kazi ya mwanafunzi ni kwamba nadharia iliyosomwa Jumapili ilipelekwa mahali pa kuikagua.

Cheche

Kuanzia Novemba 1969 USARF na Umoja wa Vijana wa TANU chuoni walitoa jarida liitwalo Cheche. Hirji, Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania, walikuwa wahariri wake. Jarida lilirudufishwa kwa stensili, na kazi yote, kuanzia kuhariri hadi kuuza, ilifanywa na wanafunzi. Toleo maalumu la mwaka 1970 lilibeba andiko la msomi wa sheria Issa Shivji, The Silent Class Struggle, lililouliza ni tabaka gani hasa lilikuwa likinufaika na mashirika yaliyotaifishwa. Swali hilo halikuwafurahisha wakubwa. Muda mfupi baadaye USARF na Cheche vilifungwa, kwa maelezo kwamba Tanzania ina itikadi yake na kwamba Umoja wa Vijana unatosha.

Sehemu kubwa ya jarida iliandikwa kwa Kiingereza. Huo ni upungufu wa kweli: vijana walioandika kuhusu wakulima na wafanyakazi waliandika kwa lugha ambayo wengi wa watu hao hawakuweza kuisoma.

Uandishi haukukoma. Mwaka 1971 Umoja wa Vijana chuoni ulianzisha MajiMaji, jarida lililoendeleza mijadala ileile. Andiko la Shivji lilitolewa kama kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Mwaka 2010 Hirji, wakati huo profesa wa takwimu za tiba, alihariri kumbukumbu za Cheche zilizochapishwa na Mkuki na Nyota, ambamo walioliandaa jarida wanasimulia wenyewe kazi waliyoifanya walipokuwa wanafunzi.