Biashara United: timu ya Musoma iliyotolewa Afrika bila kufungwa

Tarehe 15 Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika Kombe la Shirikisho Afrika. Timu yenye misimu mitatu tu ya Ligi Kuu ilikuwa imeilaza klabu iliyoanzishwa mwaka 1950. Marudiano yalipangwa tarehe 23, mjini Benghazi. Biashara haikufika.

Kabla ya kulia na safari hiyo, tukumbuke ilikotoka. Wanajeshi wa Mpakani, kama mashabiki wanavyowaita, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, ligi ilipoongezwa kutoka timu 16 hadi 20. Zilipanda sita kwa mpigo: Biashara, KMC, JKT Tanzania, Coastal Union, Alliance ya Mwanza na African Lyon. Lyon ilishuka msimu uleule. Alliance ikafuata mwaka 2020. Biashara ikabaki, na Uwanja wa Karume ukawa mahali ambapo watu wa Musoma, Bunda na Butiama waliwaona Simba na Yanga kwa macho yao badala ya kuwasikia redioni.

Kubaki huko hakukuwa jambo dogo. Azam ina kampuni nyuma yake, Kagera Sugar ina kiwanda, KMC ina manispaa ya Kinondoni, JKT ina jeshi. Biashara ilitegemea wadau, viongozi wenye moyo na mapato ya mlangoni, katika mji ambao riziki ya wengi hutoka ziwani. Na timu ya Musoma, ikienda kucheza Mbeya au Mtwara, hukaa barabarani siku nzima na zaidi.

Ndiyo maana msimu wa 2020/21 naupa heshima kuliko yote. Chini ya makocha wawili Wakenya, Francis Baraza kisha Patrick Odhiambo, Biashara ilimaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Mwaka huohuo majirani zetu wa Kanda ya Ziwa, Mwadui na Gwambina, walishuka daraja. Tanzania ilikuwa na nafasi nne za kimataifa, na ya nne ikaja Mara.

Raundi ya kwanza walikutana na Dikhil ya Djibouti: 1-0 ugenini, 2-0 nyumbani. "Nyumbani" ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Karume. Wengi wetu tuliishangilia timu yetu tukiwa mbele ya runinga. Kisha wakaja Walibya, wakafungwa mbili.

Safari ya Benghazi ikakwama. Yaliyosemwa wakati ule yalihusu fedha na vibali vya ndege. Wachezaji waliokwisha kufanya kazi yao uwanjani walibaki nchini huku saa ya mechi ikipita, na CAF ikaiondoa timu mashindanoni. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: mabao mawili ya kulinda, na hakuna wa kuyalinda. Al Ahli Tripoli waliendelea hadi nusu fainali, wakatolewa na Orlando Pirates ya Afrika Kusini.

Msimu huohuo wa 2021/22 Biashara ilishuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza. Mwaka 2024 ilifika hatua ya mwisho ya mchujo wa kurudi Ligi Kuu, ikazuiwa na Tabora United.

Kumbukumbu za Kombe la Shirikisho zinaonyesha kwamba Biashara United ya Musoma ilicheza mechi tatu, ikashinda tatu, ikafunga mabao matano na haikufungwa hata moja.